Kibao cha Mbuzi Chini ya Kitanda

Mtu haendi matembezini na kibao cha mbuzi. Atabeba sufuria, birika, hata mwiko, lakini kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi hubaki jikoni kumngoja mwenyewe. Kwa hiyo nilipofungua sanduku la chini ya kitanda nikitafuta taulo, nikakikuta changu kimefungwa vizuri ndani ya kanga yangu kuukuu, nilijua hatukuwa matembezini.

Tulikuwa tumesimama kituo cha mafuta, karibu kuteremka Durban. Mume wangu alikuwa nje anasugua kioo cha gari lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, ambalo aliniambia amelikodi kwa wiki moja tu. Tangu gereji aliyofanyia kazi Johannesburg ifungwe alikuwa mkimya, nikaona safari itamchangamsha. Tutauona mji wa kale, alisema, kisha twende kitongoji cha Chatsworth kwa wale wanaoitwa Wazanzibari, ambao mababu zao walikombolewa kwenye meli za watumwa wakashushwa Durban. Wengi asili yao ni Wamakua, kama bibi yangu mzaa mama.

Chini ya kibao nilikuta picha za harusi za wanetu. Picha hizo niliziacha ukutani, sebuleni kwetu, kwenye fleti tuliyopanga tangu watoto hawajaanza shule. Basi alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe, na mimi ndiye pekee niliyekuwa sijui. Nikafunga sanduku. Ningeweza kumuuliza palepale, lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina kiburi. Mtu akikuvunjia nyumba, walau akwambie kwa kinywa chake.

Durban niliiona kupitia dirishani. Joto lilikuwa la kunata, na gari lilikuwa refu mno. Kila pa kuegesha pana chuma juu cha kuzuia magari ya namna yake. Tukawa tunazunguka tu.

"Angalia kushoto, mama watoto. Ile ndiyo City Hall."

Niliangalia kushoto. Baadaye akaniambia niangalie kulia, kwenye msikiti mkongwe na maduka ya viungo, nikaangalia kulia. Kwenye taa nyekundu alinyamaza na kushika usukani kwa mikono miwili, nami nikajisemea, sasa atasema. Taa ikawaka kijani. Tukapanda kilima cha Berea, taa nyingine, kimya kilekile. Nilihisi kuta za lile gari zinanisogelea, na vikombe vyangu mwenyewe vinagongana kabatini kunicheka.

Overport tukajaribu tena kusimama, tununue mkate. Mlinzi wa magari, Mkongo aliyevaa kizibao cha kung'aa, akatusikia tukiongea akaja mbio.

"Eish, papa, hii gari iko mukubwa! Parking yake haiko hapa. Munalalaka mu ndani?"

"Kila kitu kimo, ndugu yangu," mume wangu akasema, akaupigapiga mlango. "Jiko, kitanda, bafu. Mtu anataka nini zaidi?"

"Na nyumba munaachia nani?"

Mume wangu akacheka kicheko cha midomo tu, akaaga, "Sharp, ndugu," akapandisha kioo. Mkate hatukununua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliketi pale nikingoja kumwona akiumbuka.

Chatsworth walitupokea vizuri. Mama mmoja aliyenizidi umri kidogo alitukaribisha kwake baada ya sala ya adhuhuri. Kimakua chake kilikuwa kidogo na changu kibovu, tukamalizia kwa Kiingereza. Alitusimulia walivyohamishwa kutoka mtaa wa Bluff, enzi za ubaguzi, yeye akiwa mtoto. Lori lilikuwa limeshafika, vyombo vimeshapakiwa, dereva anapiga honi, na mama yake yumo ndani anafagia. Nyumba ilikuwa ya kubomolewa, kila mtu anajua. Akafagia vyumba vyote, akafagia na uwanja, akatupa taka, ndipo akapanda lorini.

"Nyumba uliyozalia watoto huiachi na taka," alisema yule mama.

Mume wangu akainamia chai yake. Mimi niliwaza sahani nilizoziacha kwenye sinki, nikijua nitaziosha nikirudi, na shuka niliyoitupa juu ya kiti. Nilitamani kulia, nikaona aibu kulia kwa watu.

Tulipoaga, yule mama akatufungia sambusa na wali kwenye bakuli. "Mtakula mkifika nyumbani," akasema.

"Tumeshafika, dada," nikamjibu. "Nyumba yetu ndiyo ile, hapo getini."

Akacheka, akijua natania, akanipiga begani. Mume wangu hakucheka.

Ndani ya gari aliketi bila kuliwasha. Jasho lilimtiririka shingoni, mzee wa watu, na kwa mara ya kwanza tangu kituo cha mafuta nilimwonea huruma, jambo lililoniudhi zaidi.

"Umejuaje?" akauliza.

"Umenibebea kibao cha mbuzi."

"Kodi ilinishinda. Gari hili sikulikodi, nimelinunua. Nilitaka uone mji kwanza, ufurahi, ndipo nikwambie." Akajipangusa shingo. "Kibao nilikibeba kwa sababu najua huwezi kula wali bila tui."

Nilijua ni kweli. Alikipangusa, akakifunga kwa kanga ili ule ulimi usimkate mtu, na wakati huohuo alikuwa anakabidhi funguo za mlango wangu. Bakuli la wali lilikuwa la moto mapajani mwangu.

"Ungeniambia," nikasema. "Ningefagia."

Akawasha gari, akauliza twende wapi.