Msonobari wa Mjomba

Mwezi uliopita nilishuka kwenye pikipiki kijijini kwetu Kirushya nikadhani dereva kanipoteza. Barabara iling'aa kwa jua, haina hata kivuli cha kumtosha mbuzi. Nimezurura sana, rafiki yangu, tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nimelala Kahama, nimechimba Geita, lakini barabara ile ningeitambua gizani kwa harufu ya utomvu.

Zamani misonobari ilisimama pande zote mbili, kutoka shuleni hadi kanisani, kila mti kwa ajili ya mwanakijiji aliyekwenda vita vya Kagera. Kiangazi sisi watoto tuliimwagilia, ndoo kichwani, na mwalimu hakuruhusu mtu apite pale amevaa kofia. Mjomba naye alikuwa na mti wake. Hakurudi, wala mwili wake haukurudi, kwa hiyo bibi aliufanya mti ule kaburi. Kila tulipokamua ndizi za pombe, rubisi ya kwanza, ingali na povu, aliibeba kwenye kibuyu akaimimina shinani. "Kunywa, mwanangu," alisema. Babu alisubiri zamu yake.

Jirani yetu alipigana pamoja na mjomba, akarudi. Alimwapia bibi, tukisikia, kwamba panga halitaugusa mti ule maadamu yeye yu hai. Yu hai bado. Sasa ni mwenyekiti wa kijiji, na ndiye aliyeruhusu misonobari yote ikatwe na visiki ving'olewe, eti lami inakuja. Lami haikuja.

Nilimkuta kwake, chini ya paa la kenchi mpya za msonobari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzururaji, dunia imekuchosha?"

"Nimekuja kuulizia mti wa mjomba."

"Wewe tangu uache shule hujakaa hapa hata msimu mmoja wa maharage. Mti ni mti. Mwenzangu ninaye moyoni."

"Na bibi amimine wapi, mzee? Moyoni mwako?"

Akamwita mkewe aniletee kiti, kana kwamba sijasema kitu.

Jioni bibi, ambaye macho yamemwishia, alinishika mkono, kibuyu kwapani. "Tukifika niambie." Nilitafuta alama yoyote, lakini greda lilikuwa limesawazisha utoto wangu wote. Mwishowe nikasimama tu, nikasema, "Ni hapa."

Akamimina. Rubisi ikatiririka juu ya vumbi hadi mtaroni. Bibi akapapasa ardhi kwa wayo, taratibu, akitafuta mzizi.

"Haya," akasema. "Tuseme ni hapa."