Fundi, Punguza!

Miguu yangu haitembei tangu utoto, kwa hiyo ninashona kwa mashini ya kuzungusha kwa mkono, barazani kwetu hapa Shari, mtaa mmoja wa mji wa Bunia. Watu wa Bunia hupatana bei ya kila kitu, hata ya fungu la sombe, majani ya muhogo. Kwangu hawakupatana. Walitazama kigari changu cha magurudumu ninachokalia, wakaweka mezani noti waliyotaka wenyewe: "Kamata, papa, Mungu akusaidie." Ilikuwa chini ya bei, nami nilipaswa kusema asante. Niliichukia ile asante.

Siku moja mama muuza samaki alileta kikwembe, kitambaa cha kitenge, nimshonee robe, yaani gauni. Nikamtajia bei.

"Fundi, weye iko muizi!" akapiga kelele. "Punguza!"

"Sipunguzi, mama. Angalia kwanza ile robe nilishona, iko pale ukutani."

Akaondoka kwa hasira, akafika barabarani, akarudi. Tulivutana mpaka majirani wakacheka. Mwishowe akalipa kama anavyowalipa mafundi wa sokoni, akaenda zake akinung'unika. Hakuniombea kwa Mungu hata kidogo.

Nikamwita kwa nguvu, barabara nzima isikie: "Asante, mama!"