Dubu Wangu Mweupe Kapakwa Rangi

Jamani, leo nusura nimkunje mtu shati hapa Tabora mjini!

Mnajua mimi nimepika kwenye meli ya watalii mpaka kule kwenye barafu, dunia inapoishia. Huko nilimpiga picha dubu mweupe kwa mkono wangu huu, vidole vimekufa ganzi, pua siisikii. Simu ikafa baadaye, picha ikabaki kwenye kadi moja tu.

Juzi nikampa fundi wa picha ile kadi, anikuzie picha nimpelekee mama kijijini Goweko. Kule wanamcheka kila siku: "Mwanao muongo, dubu mweupe wapi?" Yeye peke yake ananiamini.

Leo nafika, fundi meno yote nje.

"Kaka, nimekusafishia! Picha ilikuwa imeungua na mwanga, nikamrudishia mnyama rangi yake."

Kahawia!

Na barafu yangu yote kaifuta, kaweka majani na maporomoko ya maji. Yale yale anayowawekea maharusi!

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Nimeifuta kaka, ilikuwa mbovu."

Mbovu! Mimi nilibaki hatua chache niwe kitoweo, yeye kakaa kwenye kiti anasema mbovu!

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Dubu kaharibiwa."

"Marahaba. Ilete hivyo hivyo. Wakiuliza, nitawaambia mwanangu alimkuta mweupe."

Haya, nyie mnaocheka huko, semeni: fundi huyu nimfanye nini? Mama keshanikataza kumtukana.