Shati Ndani ya Nyota

Kufuma nilifundishwa na mama mkwe, hapa Kwedizinga, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu, kwa hiyo nilipoolewa sikupata mume tu, nilipata na mama. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani huu ni ule ugomvi wa kila siku wa mke na mama mkwe. Hatukuwa nao. Kwa miaka kumi na moja nilimpenda yule mama kuliko nilivyompenda mwanawe, na mwanawe mwenyewe alikuwa akilalamika.

Hatukufuma vitambaa vya makochi kama wengine. Sisi tulifuma mapambo madogo ya kujazwa: nyota, samaki, machungwa, mwezi mchanga, kuku wa kukaa kiganjani. Watu huyapanga kwenye kabati la vyombo, au huyaning'iniza kwenye fremu ya neti mtoto ayatazame. Unaanza na kiduara kidogo cha uzi, unazunguka kwa sindano yenye kichwa cha ndoano, unaongeza mishono, unapunguza, na kabla hujaziba tundu unashindilia sufi. Sufi yetu ilitoka kwenye msufi ulio nyuma ya nyumba. Mama mkwe alinifundisha kuianika, kuichapa kwa fimbo na kutoa mbegu zote, maana mbegu moja ikibaki ndani panya ataitafuta. Macho yake yalipoanza kufifia aliacha sindano, akabaki na kazi ya mbegu, aliyoifanya kwa vidole tu.

Macho hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakimpeleka Korogwe kila mwezi, kliniki. Mume wangu hununua mahindi vijijini na kuyauza huko, kwa hiyo alikuwa akienda naye. Mama mkwe akirudi alileta oda za mapambo, na mwaka jana alileta oda kubwa kuliko zote.

"Ni mkwe wa shoga yangu, yuko Kwamndolwa," aliniambia. "Ana mimba ya kwanza. Anataka vitu saba vya kuning'iniza."

Nikafuma. Sijawahi kumwona akihangaikia kazi ya mteja namna ile. Samaki niliwawekea macho ya vifungo vyeusi, wakapendeza kweli. Akawapapasa, akaniambia nivitoe. "Mtoto atavitia mdomoni, mwanangu. Dariza kwa uzi." Nikavitoa. Mwezi akasema umelegea, nikaufumua nikaujaza upya. Kuhusu kuku, akauliza kama wekundu wake utachuja ukipata mate.

"Mama, huyu mteja kakulisha nini?" nikamtania.

Akacheka, akasema mtoto ni mtoto. Nilijiona fundi hasa siku zile. Nilidhani ni kazi yangu anayoithamini.

Kipindi hicho likapotea shati la mume wangu, la mistari ya kijani. Nilikuwa nimeligeuza kola mwenyewe na kulishona kwapani kwa uzi wa zambarau, kwa sababu siku hiyo sikuwa na uzi mwingine. Alisema limeibwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwenye gesti aliyolala Korogwe. Wiki nzima nilimlaani huyo mwizi, nikipika namlaani, nikifagia namlaani. Mara moja tu mume wangu aliniambia nimwache mwizi wa watu, huenda alikuwa na shida zake.

Sasa, sufi haipendi maji. Mtoto wa yule mteja alipofikisha miezi sita, mama mkwe alirudi kutoka Korogwe na nyota ya njano kwenye mfuko. Mteja alikuwa ameiosha, sufi ikaganda mabonge. Akafumua upande mmoja, akaitoa, akajaza vitambaa badala yake, kisha akashindwa kuiziba kwa sababu hajui kufuma. Mama mkwe akaniambia niitie sufi mpya niifunge vizuri, akaingia ndani kuswali alasiri.

Nikakaa mkekani, nikaanza kuvuta vile vitambaa kwa kidole. Cha kwanza kilikuwa na mistari ya kijani. Cha pili pia. Nikajiambia mashati ya mistari ya kijani yamejaa mnadani, watu wote wanavaa. Nikaendelea kuvuta. Kipande cha tano kilikuwa na mshono wa zambarau.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiana kila siku, na kila mtu anadhani anasemwa mwenzake. Mume wangu nilimwelewa palepale, na hasira yangu kwake, naapa, haikuwa kubwa kama mnavyofikiri. Mwanamume kuongeza mke kwetu si habari. Dini imemruhusu, alichokosa ni ulimi wa kuniambia. Lakini vile vifungo vyeusi! Vilinichoma. Mama yangu alikaa hapa kando yangu, akanipapasia samaki kwa ajili ya mjukuu wake, akaniita mwanangu huku ananituma nimfumie mke mwenzangu. Na mimi nikamshukuru kwa oda. Nilijiona mjinga mpaka masikio yakawaka moto.

Alipomaliza kuswali alinikuta nimevipanga vile vipande mkekani. Macho hayamwonyeshi vitu vidogo, kwa hiyo nilimshika mkono nikauweka juu ya ule mshono wa kwapani. Mishono yangu anaijua kwa vidole. Mkono wake ukatulia.

"Mama, mteja wako ni nani?"

"Mwanangu, tulia kwanza."

"Nimetulia. Ni nani?"

"Mumeo alisema atakuambia mwenyewe mavuno yakiisha. Nikawa nangoja."

"Mavuno yapi? Tumeshavuna mara mbili."

Akakaa chini polepole. Sikumsaidia, na ilikuwa mara ya kwanza sikumsaidia kukaa.

"Ningekuambia ungeondoka," alisema. "Mimi ningebaki na nani? Yeye hashindi nyumbani. Yule mwenzio hata simjui vizuri. Anayenishika mkono kwenda chooni ni wewe."

"Kwa hiyo ukanifumisha."

"Nilitaka mtoto apate kitu cha mkono wako."

Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kudhani yamo kinywani mwangu. Nilimwambia mama yangu alikufa mara moja, yeye kaniulia wa pili akiwa hai. Alingoja nimalize, kama anavyongoja mvua ipungue, kisha akasema: "Ni wa kike. Nimempa jina lako."

"Umefanya nini?"

"Jina lako. Baba yake alikataa, mama yake akalia siku mbili. Nikawaambia bila jina hilo sitamshika."

"Kwa nini, mama?"

"Ili siku ukijua, usiweze kumchukia."

Sikuondoka. Wazee waliitwa, mume wangu akaomba radhi akiinamisha kichwa, yakazungumzwa kama yanavyozungumzwa. Ile nyota niliifunga, ikarudi Kwamndolwa, kwa sababu mtoto hajanikosea kitu. Ameshaletwa hapa mara mbili. Ana meno mawili, akiniona ananyoosha mikono, nami nambeba, maana hata nikitaka kukataa, nitakataaje? Mama mkwe akiita lile jina, tunageuka wote wawili, naye anatusikia tukigeuka, anatabasamu. Alijua vizuri sana anachofanya. Mtoto simchukii, na hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe mama.