Niliuza Maksai, Nikapata Jipu

Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote aliyelala ndani sasa hivi huku ndugu zake wanabishana nje wauze nini ili atibiwe.

Kabla sijaugua nilikuwa mkulima wa mahindi huko Kabungu, na nilitegemea plau na maksai wawili niliowafundisha mwenyewe. Sisi tuliohama na ng'ombe kutoka Usukumani tunajua kwamba maksai waliozoeana hawauzwi mmoja mmoja. Ukimtoa mmoja, aliyebaki anavuta upande, na hakuna unacholima.

Miaka hiyo ya tisini zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini Mpanda. Mvua zikiwa zinakaribia, nilishikwa na homa. Hospitali ya serikali walinipima damu, wakasema ni malaria, wakanipa vidonge. Kaka yangu mkubwa, Masanja, alivitazama kiganjani mwangu akacheka.

"Vidonge! Mtu mzima na ndevu zako?"

"Daktari ndiye aliyesema."

"Kasema hivyo kwa sababu sindano zimewaishia. Mdogo wangu, unataka kufa kwa ubahili?"

Kwetu, mgonjwa ambaye hajachomwa sindano anahesabiwa kwamba hajatibiwa. Nilikuwa natapika, sikuwa na nguvu ya kubishana. Maksai mmoja akapelekwa mnadani, nami nikapelekwa zahanati ya kulipia.

Nisiwe mwongo, palikuwa pazuri. Shuka zilikuwa safi, foleni hakuna, na kila aliyepita aliniita mzee wangu. Walinichoma kwinini kwenye tako la kulia, siku baada ya siku. Homa ikashuka, nikarudi nyumbani.

Haukupita muda mrefu, pale palipochomwa pakavimba, pakawa pagumu na pa moto. Sikuweza kukaa. Kwenda haja kubwa ilikuwa adhabu. Nilichuchumaa nusu, mke wangu Kabula amenishika kwapani, sote tunatokwa jasho. Mguu ukakunjika, haunyooki. Homa ikarudi na kutetemeka.

"Dozi haikutosha," kaka akasema, kama vile amesomea.

Tukarudi kulekule. Mwenye zahanati alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimwambia tako linauma. Akasema, "Sindano lazima iume, mzee wangu. Hii ni malaria sugu." Hakunigeuza wala hakunifunua nguo. Akaagiza sindano nyingine, safari hii tako la kushoto, na dripu juu yake. Nilikuwa nalipia kuchomwa upande mmoja huku upande wa pili unaoza.

Fedha ya maksai wa kwanza ilipoisha, Masanja akaniacha kitandani zahanati, akarudi nyumbani kumfungua wa pili. Kabula akamwekea mkono kwenye kamba.

"Shemeji, huyu hatoki hapa. Kwanza nikaulize."

"Utamuuliza nini daktari, wewe?"

"Nitakachomuuliza utakisikia. Twende."

Walipofika nilipolazwa, Kabula alisimama mbele ya yule mwenye zahanati, akasema, "Hizi sindano zikishindwa, nyie mnampeleka wapi?"

"Hospitali ya serikali. Sisi hapa hatupasui."

"Basi naomba nimpeleke sasa, kabla hamjashindwa."

Jamaa alikasirika, akasema wanawake wanaua wagonjwa kwa haraka zao. Kabula alikuwa ameshaanza kunivisha kaptula.

Msidhani ninaisifia tu hospitali ya serikali. Tulilala wagonjwa wawili kitanda kimoja, miguu ya mwenzangu kichwani kwangu. Kabula alitumwa duka la dawa kununua glovu, bandeji na dawa, kwa hiyo huko nako tulilipa. Lakini daktari alinifunua kabla ya kusema lolote. Alibonyeza mara moja, nikapiga kelele.

"Hili ni jipu, liko ndani ya nyama. Nani amekuwa anakuchoma hapa?"

Masanja akaangalia dirishani.

Walinipasua siku ileile. Usaha ulitoka mwingi, na harufu yake ilimfukuza kaka yangu hadi uani. Kidonda hakikushonwa, kila siku walikisafisha na kukijaza bandeji ili kipone kuanzia ndani. Nililia bila aibu. Hatimaye nyama ikajaa, mguu ukanyooka. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, eneo dogo, na tulikula mahindi ya kununua. Lakini natembea.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na namshukuru mke wangu aliyevumilia kuitwa mkorofi. Kaka yangu bado anasema zile sindano za kwanza ndizo zilizoniokoa. Nimechoka kumjibu.

Kwako wewe uliyelala ndani: sisemi usilipie. Zipo zahanati za kulipia zinazotibu vizuri, na ipo siku foleni itakuua. Lakini kabla ng'ombe hajatoka zizini, uliza wanaweza kutibu nini na hawawezi nini. Onyesha mahali panapouma, hata kama ni tako. Na anayekasirika kwa kuulizwa, usimsubiri akujibu. Ondoka ungali unaweza kutembea.