Siku Nilipotaka Mshahara wa Mchungaji Usomwe

Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Iringa, na ubishi wangu ulijulikana. Alhamisi moja niliona magunia mawili ya mchele wa Ubaruku yakishushwa nyumbani kwa mchungaji. Nikasema moyoni, sadaka zetu hizo! Tangu hapo nikaacha hata kumsalimia.

Jumapili, ibada ilipokwisha, nikasimama. "Mshahara wa mchungaji usomwe, washarika wote wasikie!"

Mtunza hazina, Mzee Kalinga, akanisihi, "Kaa, mwalimu. Tutazungumza ofisini."

"Sikai. Soma!"

Wanakwaya wangu wakapiga makofi. Mzee akavaa miwani, akafungua daftari. "Mchungaji hajachukua hata senti tangu Pasaka. Sadaka zilipopungua, aliagiza mshahara wake alipwe mwalimu wa kwaya, kwa kuwa ana watoto sita."

Hata hivyo sikukaa. "Na ule mchele je?"

Mchungaji mwenyewe akajibu taratibu, "Ni wako, mwalimu. Shemeji yako aliuleta, hakukukuta nyumbani, akauacha kwangu. Kila nikikuita uje uuchukue, unageuza njia."