Amina ya Bi Hawa

Yustina hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu wa Magomeni, wakishasikia nusu ya habari nusu nyingine wanajimalizia wenyewe. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, Mbena wa Njombe, aliyeletwa Magomeni hii ya Mtwara na kazi ya mumewe Anold kule bandarini. Darasani alikuwa mpole hadi watoto wanampanda kichwani. Ila kanisani, akishika maiki mbele yetu sisi waombezi, huo upole humuoni nao. Alimfokea shetani kama mtu anayemfokea mwizi wa kuku, nasi tukaitikia Amina mpaka mabati yanatetemeka.

Mwaka ule mwanawe Tumaini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, alishikwa na homa za kwenda na kurudi. Zahanati wanampa dawa, anachangamka, kisha homa inarudi tena. Kanisani nako tukawa na semina ya vita vya kiroho. Mwalimu mgeni alitufundisha kwamba adui hatoki mbali, hupitia kwa walio karibu, kwa hiyo kila mtu akachunguze mlango wake. Tukarudi nyumbani tumeinama kama watu waliopoteza sindano. Wengi wetu hatukuona kitu zaidi ya mchwa.

Yustina aliona. Asubuhi alipofungua mlango ili awahi shule, alikuta unga wa njano umemwagwa kwenye kizingiti chake, ukazunguka ukuta hadi bafu la uani, na ulinuka kama njiti ya kiberiti iliyowashwa. Kwao Njombe hakuwahi kuona kitu kama hicho. Aliufagia wote. Baada ya siku chache akaukuta tena, na safari hii akachungulia mapema. Aliyekuwa anaumwaga ni jirani yake Bi Hawa, aliyerudi kutoka kuswali alfajiri, kopo mkononi.

Bi Hawa alikuwa mjane wa Kimakonde, mtu mzima, akikaa na mwanawe Hassani upande wa pili wa ua wa makuti. Aliuza vitumbua barazani kwake, na walimu na akina mama wa kanisani walikuwa wateja wake wakubwa. Tumaini alivila hivyo vitumbua kabla hajaota meno ya kutosha. Yustina alipotueleza alichokiona, hilo la vitumbua ndilo lililotutia baridi. Tukasema kumbe mtoto amekuwa akilishwa.

Tulikwenda kwa Yustina Jumamosi, kikundi kizima. Tulifagia ule unga, tukapaka mafuta milango na madirisha, kisha tukausogelea ua. Yustina aliomba, nasi tukiomba kwa sauti pamoja naye, mpaka sauti ikamkauka. Alimtaja Bi Hawa kwa jina lake. Aliomba mikono yake ikauke, biashara yake ife, asipate pa kukaa mtaani petu. Tukaitikia Amina kwa nguvu zote tulizokuwa nazo.

Homa ikaacha. Zahanati walikuwa wamembadilishia dawa wiki ileile, lakini nani alikuwa na muda wa kuikumbuka dawa? Mambo yale hayakuishia uani. Akina mama wa kanisani wakaacha kununua vitumbua, kisha na wengine mtaani, na wapita njia wakawa wanavuka upande wa pili wa barabara. Mwishowe Bi Hawa alifunga vyombo vyake, akahamia kijijini Ziwani kwenye mikorosho yake, Hassani akabaki peke yake. Jumapili iliyofuata Yustina alitoa ushuhuda kwamba adui amehama. Siku hiyo nilidhani paa litang'oka.

Mvua za kwanza zilipoanza, Yustina alikuwa anafua uani, Tumaini akichezea ndoo kando yake. Nyuma ya ndoo akainuka nyoka. Yustina alimnyakua mtoto akapiga ukelele, Hassani akaruka ua na mpini wa jembe, akamuua yule nyoka.

"Mama alishamwona huyu," Hassani alisema akihema. "Alikuwa anapita pale bafuni kwenu. Ndiyo maana akawa anawamwagia salfa, ileile tunayopulizia mikorosho. Nyoka hapendi harufu yake. Alisema huyo mtoto wenu anatambaa chini siku nzima. Mliifagia?"

Yustina alimuuliza kwa nini mama yake hakusema.

"Mbele ya Mama huwezi kumtaja huyo mnyama. Kwao wanaamini ukimtaja umemwita."

Tangu siku hiyo Yustina hakula vizuri. Alikuwa anaanza kuomba, anaishia njiani. Aliniambia kila akifumba macho anasikia sauti yake mwenyewe ikisema mikono ikauke, na anajisikia mchafu, maji hayamtoshi. Mchungaji alimwambia Mungu ameshasamehe, asijitese. Yustina akamjibu kwamba Mungu siye aliyehamishwa Magomeni. Kisha akaniomba nimsindikize Ziwani.

Tulimkuta Bi Hawa amekaa kwenye mkeka, anamenya mihogo ya kuanika makopa. Alipotuona aliangusha kisu kwa furaha.

"Mama Tumaini! Karibuni, karibuni. Ntoto hajambo?"

"Shikamoo, mama. Hajambo."

"Marahaba, mwanangu. Na ile homa?"

"Ilimwacha."

"Alhamdulillahi! Nilijua tu. Siku ile mlipokuja kumwombea, mimi nilikuwa palepale nyuma ya ua, naosha vyombo. Maneno siyapati, mnasema wote kwa pamoja, lakini dua ya ntoto mgonjwa haina dini. Kila mkisema Amina, na mimi nasema Amina."

Yustina alikaa chini mchangani, hakungoja mkeka. Bi Hawa aliokota kisu, akaendelea kumenya huku akituhadithia jinsi vitumbua vilivyogoma kununulika, mpaka akadhani uzee umemharibu mkono. Hakuwa na kinyongo na mtu. Hakujua lolote. Nilimtazama Yustina nikimwomba kwa macho anyamaze, tule muhogo wetu turudi mjini. Hakunitazama.

Alimwambia yote. Unga, semina, vitumbua, jina lake lililotajwa, na kile hasa tulichokuwa tunakiombea. Alilia, lakini hakuruka neno.

Kisu cha Bi Hawa kilisimama kwenye muhogo.

"Mimi? Nchawi?"

"Nisamehe, mama. Nimekukosea sana."

Bi Hawa alitazama viganja vyake, akavigeuza huku na huku. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Basi na mimi nikaitikia. Mmeniapiza, na mimi mwenyewe nikasema Amina. Sasa inafutwaje hiyo, Mama Tumaini? Wewe ndiye unayeyajua mambo hayo."

Yustina, ambaye ana andiko la kila ugonjwa na kila pepo, alianza andiko moja, akaliacha katikati. Bi Hawa aliinuka akaingia ndani. Nikadhani ndiyo ametufukuza. Akarudi na mfuko mdogo wa salfa, akamwekea Yustina mapajani bila kumtazama usoni.

"Mvua bado ziko nyingi. Mwaga nlangoni na bafuni. Usifagie."

Jumapili Yustina aliomba nafasi ya ushuhuda. Mchungaji alimpa maiki akitabasamu, nasi tukajiweka sawa kwenye viti. Akainua ule mfuko.

"Huu ndio uchawi niliowaambia," alisema. "Ni dawa ya mikorosho. Bi Hawa alikuwa anamlinda mwanangu asiumwe na nyoka. Si mchawi. Nimemzushia hapahapa, na kwa kinywa changu nikamlaani, ninyi mkaitikia. Aliniuliza laana inafutwaje, sikujua. Ninachokijua ni kwamba ile ilikuwa na Amina zenu. Kwa hiyo naomba na hii mwitikie. Bwana ambariki Bi Hawa wa Ziwani, aibariki mikono yake, amrudishie nyumba yake na jina lake."

Mabati yalinyamaza. Mchungaji alikuwa anaangalia Biblia yake. Mama mmoja mbele yangu alianza kutafuta kitu kwenye mkoba. Mimi nilifungua mdomo, nikasikia hakuna mwenzangu aliyefungua wake, nikaufunga.

"Naomba Amina," Yustina alisema tena, na akabaki amesimama palepale akitusubiri.